Kulabu Iliyoletwa Sebuleni

Dada yangu hawezi kupita chini ya kitu kilichoning'inia bila kukitazama. Taa, ndoo, pazia, nguo kwenye kamba, hata saa ya ukutani: anasimama, anainua kidevu, anakitikisa kidogo kwa kidole, kisha ama anaendelea na safari yake au anaanza maneno. Mara ya kwanza kuja kwangu baada ya mimi kuhama, hakuuliza kodi wala majirani. Aliingia bafuni, akauona msumari niliotundikia taulo, akarudi sebuleni nao mkononi.

"Huu ulikuwa unang'oka," alisema.

Haukuwa unang'oka. Aliung'oa yeye, na kipande cha ukuta juu yake, na mpaka leo taulo langu linalala kwenye kiti.

Ni fundi wa kulabu. Katika kiwanda cha mabomba ya chuma anachofanyia kazi, kuna kreni inayotembea kwenye reli chini ya paa, na mwisho wa kamba zake za waya kuna kulabu moja nene kama mkono wa mpiga mieleka. Kila bunda la mabomba linaloinuliwa pale linaning'inia kwenye hiyo kulabu, na kila anayepita chini anapita kwa hisani yake. Dada ndiye anayeifunga, ndiye anayeikagua, na ndiye mwenye neno la mwisho ikichoka.

Nimemwona akifunga mpya, na nasema kweli, bibi harusi hahudumiwi hivyo. Anaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae. Anagonga vidoti viwili kwa chuma chenye ncha, kimoja kwenye pua ya kulabu na kingine shingoni, anapima umbali kati yao na kuukariri kama siku ya kuzaliwa ya mtoto. Siku kidoti kimoja kikimkimbia mwenzake, atajua mdomo umetanuka. Anakaza nati, anaipiga pini ili isijifungue yenyewe, anaizungusha kulabu kwa mkono kuona kama inageuka kwa wepesi. Mwisho anaubonyeza ulimi, kile kibati chenye springi kinachoziba mdomo ili mnyororo usichopoke, anauachia, anausikiliza ukirudi. Siku moja alikuta mfunga mizigo mmoja ameufunga ulimi kwa waya ubaki wazi, kwa sababu eti unamchelewesha. Dada alimfunga yule bwana kidole gumba kwa waya uleule, akamwambia afanye kazi hivyo mpaka saa ya chakula.

"Kulabu haichomelewi," huwa anasema, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. "Haipashwi moto, hainyooshwi kwa nyundo. Ikichoka, imechoka."

Mumewe ndiye dereva wa kreni hiyohiyo. Tunamwita Kipanga kwa sababu anashinda juu, ndani ya kibanda cha vioo kilichotundikwa chini ya reli, na pia kwa sababu ya pua yake, ingawa hilo la pua nalisema mimi peke yangu, na shemeji hana haki ya kukasirika. Kibanda chake ni tanuri. Bati la paa liko karibu na utosi wake, na feni aliyopewa inampulizia joto lilelile alilonalo. Anashuka jioni kalowa chapachapa, anakunywa maji jagi zima bila kupumua, halafu ndipo anasalimia watu.

Walipendana kwa ishara za mikono, dada chini na Kipanga juu, kabla hawajawahi kusikiana sauti. Kidole kinachozunguka kikielekea juu ni pandisha. Kikielekea chini ni teremsha. Ngumi ni shika hapohapo. Na mikono yote miwili ikitandazwa na kukatwakatwa hewani ni simama sasa hivi. Hiyo ya mwisho ina sheria yake: anaweza kuitoa mtu yeyote, hata mfagizi, hata mgeni aliyekuja kuuza soksi, na dereva lazima asimame kwanza, maswali baadaye. Nyumbani nako wanazitumia. Anayetaka chai iongezwe anazungusha kidole juu ya kikombe. Nimemwona dada akiwa jikoni akipunguza sauti ya redio iliyoko sebuleni kwa kidole kimoja tu, na Kipanga akaitii bila hata kugeuza kichwa.

Sasa basi, kiwanda kikaagiza kreni mpya. Kibanda chake kilikuwa na kiyoyozi, kiti chenye mgongo, na kioo kisicho na ufa. Ilijulikana kwamba itapewa dereva wa siku nyingi ambaye hana doa, na dereva wa siku nyingi alikuwa mmoja. Kipanga alikuwa ameshaanza kuishi ndani yake. Alitueleza jinsi atakavyovaa sweta kazini. Mama yake, ambaye ni mshonaji na tunamwita Bibi Cherehani, alishamkatia kitambaa.

Ni katika siku hizohizo dada alipoiteremsha kulabu kwenye kilili chake, ile fremu ya kuilazia, kwa ukaguzi. Aliiosha, akapima kati ya vidoti. Akaiosha tena, kana kwamba uchafu ndio uliotanua mdomo. Akapima tena. Mdomo ulikuwa umefunguka kupita kiasi kinachoruhusiwa, shingo imepinda, na tumbo la kulabu, pale mnyororo unapokaa, limelika upande mmoja tu. Akapaka ile rangi nyekundu inayojipenyeza kwenye nyufa, akaifuta, akapuliza unga mweupe, na mstari mwembamba mwekundu ukajitokeza kwenye shingo. Alichukua kopo la rangi akaipaka kulabu nzima nyekundu, maana yake haifai tena. Halafu, aliniambia baadaye, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akatazama juu, kwenye kile kibanda.

Kulabu hailiki hivyo kwa uzee. Inalika hivyo mzigo ukivutwa upande: kreni haijasimama sawasawa juu ya bunda, dereva anainua hivyohivyo, na bunda linaondoka linaburuzika na kubembea. Wafunga mizigo walikuwa wameshaanza kunung'unika. Bunda moja lilibembea likafagia birika lao la chai kutoka mezani, na aliyekuwa anakunywa akabaki ameshika mkono wa kikombe bila kikombe. Walicheka siku nzima. Dada peke yake hakucheka.

Msimamizi wa karakana alikuwa mtu mpole asiyependa kelele. "Mama, kulabu mpya utapata," alisema. "Lakini nitatakiwa kueleza sababu. Ni uzee, au ni kuvutwa upande?"

Ukisema uzee, hakuna wa kulaumiwa, na Kipanga anapanda kwenye kiyoyozi chake na sweta. Ukisema upande, dereva ana doa. Dada aliomba mpaka Jumatatu.

Ilikuwa lazima ile kulabu ikatwe vipande viwili kwa gesi siku ileile. Hiyo ni sheria yake, maana haiamini kulabu mbovu iliyo nzima. "Kulabu iliyokataliwa bila kukatwa ni kama mume aliyefukuzwa bila talaka," anasema. "Siku moja utamkuta amerudi kitandani." Lakini Kipanga alishuka kutoka juu akiwa amewaka, akasema kuikata ni kuharibu ushahidi, na kwamba jambo hili sasa ni la ukoo. Msimamizi, aliyekuwa tayari kufanya lolote ili wale wawili wasigombane karakanani mwake, akaruhusu kulabu itoke kwa mwisho wa wiki, kwa sharti dada ailinde. Dada aliilinda. Aliifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda chao, na Kipanga akalala nayo chini ya mbavu zake siku zote hizo, bila kumsemesha mkewe neno. Akitaka chumvi alizungusha kidole. Akimaliza kula alitoa ngumi.

Kikao kilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwa dada. Upande wa mume alikuwepo Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake Kipanga, mtu aliyestaafu kila kitu isipokuwa kuongea. Na Bibi Cherehani, aliyekaa kona ya dirisha na kushona kwa mkono, kwa sababu hajawahi kwenda popote bila kitambaa. Upande wetu nilikuwepo mimi peke yangu. Kaka zetu walipata udhuru wote kwa pamoja, waoga wale.

"Mshtakiwa aletwe," Baba Mkubwa alisema.

Kipanga akainuka. "Si wewe," Baba Mkubwa akamwambia. "Hiyo kulabu."

Tuliibeba watatu kutoka chumbani. Baba Mkubwa aliagiza iwekwe juu ya meza ndogo ya vioo, ili kila mtu aione. Dada alisema meza ile haibebi uzito huo. Baba Mkubwa alisema yeye ni mkubwa hapa. Kulabu ikawekwa. Mimi nikampa Baba Mkubwa shikamoo yake, naye akawa anafungua mdomo aseme marahaba, na meza ikapasuka katikati. Kulabu ikaenda chini na vioo vyote, ikatua kwenye zulia, pua juu.

"Marahaba," akasema Baba Mkubwa, na kuvuta miguu yake nyuma.

Nilipomaliza kufagia, akaanza. Alisema mpanda ngazi hushuka. Alisema haba na haba hujaza kibaba. Alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tulimtazama kwa heshima tukingoja methali moja ihusike, haikutokea. Kisha akamgeukia dada.

"Mwanangu, hebu nisaidie. Kazi ya kulabu ni nini?"

"Kushika mzigo, Baba Mkubwa."

"Hii hapa, inashika au haishiki?"

"Inashika, lakini..."

"Inashika! Mmesikia wote. Sasa kosa lake ni nini?"

Dada alimtazama kiunoni. "Hata suruali yako inashika, Baba Mkubwa. Lakini kifungo hakipo, umeweka pini. Ungekubali kuinama mbele ya wakwe?"

Baba Mkubwa alikaa vizuri zaidi kwenye kiti, na tangu hapo hakuinama mpaka kikao kilipoisha. Lakini hakuacha. Alisema mke ni wa kumsitiri mume. Alisema mwanawe amekaa juu ya moto miaka na miaka, mgongo umeisha, sasa Mungu amemfungulia dirisha lenye ubaridi, na anayelifunga ni mke wake wa ndoa. Neno lenyewe ni dogo tu. Uzee. Nani hazeeki? Yeye mwenyewe amezeeka na hakuna aliyemkata vipande.

"Sema uzee, mwanangu. Yaishe."

Kipanga alikuwa anaangalia zulia. Ndipo akaongea kwa mdomo kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Kwani utapungukiwa nini?" alimwuliza mkewe, taratibu, bila hasira, na ile sauti ya kuomba ikaniuma kuliko kama angefoka. Sikujua kama nimchukie au nimwonee huruma. Najua dada naye hakujua, kwa sababu alishika pindo la khanga yake akalikunja, na dada si mtu wa kukunja mapindo.

"Nitakusitiri wewe," alisema. "Na wale walio chini yako, nani atawasitiri? Nikisema uzee, watafunga kulabu mpya, utaivuta upande nayo. Safari hii lilikwenda birika. Nikuulize, unajua nani alikuwa amesimama nyuma ya lile birika?"

Kipanga aliinua macho kutoka kwenye zulia.

"Mimi," dada akasema.

Hilo hata mimi nilikuwa silijui. Baba Mkubwa alitafuta methali akaikosa. Ndipo tukasikia kiti cha dirishani kikilia. Bibi Cherehani alikuwa amesimama. Alikuja polepole, utepe wake wa kupimia ukiwa shingoni kama kawaida, akapiga magoti kwenye zulia mbele ya kulabu kana kwamba ni mteja aliyekuja kushonewa.

"Kabla haijaharibika, mdomo ulikuwa wa ngapi?" aliuliza.

Dada alimtajia. Bibi Cherehani akavuta utepe kutoka kidoti hadi kidoti, akasoma, akaguna. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye tumbo la kulabu, huku na huku, amefumba macho, vile anavyopapasa kitambaa kujua kama muuza duka amemdanganya.

"Huku pazima," alisema. "Huku pamelika. Shingo nayo imeelekea hukohuko."

"Ndiyo, mama. Imevutwa upande."

"Nimeona kwamba imevutwa. Suruali ya mtu anayekaa vibaya huisha paja moja, sihitaji kreni kulijua hilo." Alibaki amepiga magoti. "Ninachouliza ni mbona upande mmoja tu. Huyu mwanangu namjua. Ni mvivu, sikatai."

"Mama!" Kipanga akasema.

"Nyamaza, nakutetea. Mvivu huvuta kokote anakofika. Leo kushoto, kesho kulia, keshokutwa anasahau kabisa kuvuta. Mwenye haraka vilevile. Huyu amekosea kushoto, kushoto, kushoto, mpaka chuma kimeliwa. Mtu hakosei kwa utaratibu hivyo ila kuna kitu."

Akainuka kwa kushikilia bega langu, akarudi kwenye kitambaa chake, akachomoa sindano na kipande cha uzi mweusi. Alimpa Kipanga.

"Nitungie."

Hilo halikuwa jambo geni. Kipanga ndiye mtoto aliyemtungia mama yake sindano tangu anajifunza kusoma, na mpaka juzi juzi alikuwa anajisifu kwamba anaweza kutunga huku anatembea. Alipokea, akacheka kidogo, akalamba ncha ya uzi. Akaisogeza sindano karibu na pua. Uzi ukapita pembeni, kushoto. Akalamba tena. Kushoto. Akaisogeza sindano mbali, akakaza macho, akashusha pumzi, akaupeleka uzi kwa uhakika wote wa dereva wa siku nyingi, na uzi ukapita kushoto, hauna hata habari kwamba kuna tundu.

Nilikuwa nimeandaa utani kuhusu ile pua. Niliumeza. Hakuna aliyemcheka, hata Baba Mkubwa.

"Lete mkono, ufunike jicho la kulia," mama yake akasema. "Unaniona?"

Kipanga alilifunika, kiganja usoni, jicho la kushoto likitazama upande wa sauti.

"Naona ukungu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hawajaagiza kreni mpya." Aliondoa kiganja. "Nilifikiri litapita. Halafu wakaagiza, nikasema nikiwaambia, basi tena. Si kipofu mimi. Naona mzigo. Nashindwa tu kujua umekaa wapi hasa. Pale ninapokosa kuona, nakumbuka."

"Unakumbuka?" Dada alikuwa ameshasimama. "Unainua bunda zima la mabomba kwa kukumbuka?"

"Mahali pa kila kitu napajua..."

Hapo dada alitandaza mikono yote miwili akaikatakata hewani, katikati ya sebule, juu ya vioo na kulabu na magoti ya Baba Mkubwa. Na Kipanga, kwa mazoea ya miaka yote, akaachia mikono yake magotini kama mtu aliyeachia vishikio vya kreni, akanyamaza, akamtazama mkewe akingoja.

Dada naye alisimama vilevile, mikono wazi, na machozi yakaanza kumtoka. Yalikuwa ya hasira, alisema baadaye, na namwamini nusu.

"Kila kinachoning'inia nakitazama," alisema. "Msumari wa taulo la mdogo wangu nimeutazama. Wewe unaning'inia juu ya kichwa changu kila siku ya Mungu, na sijakutazama."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema Baba Mkubwa, kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza mchana huo methali yake ikakaa mahali pake. Alishangaa hata yeye.

Bibi Cherehani alichukua sindano yake akaitazama kwenye mwanga. "Mtoto wa jicho," alisema. "Marehemu baba yako alikuwa naye. Wanamtoa. Baba yako alikataa kutolewa, akaoa mwanamke wa pili akidhani ni mimi." Sijawahi kujua kama hiyo ni kweli au ni uchungu wake tu, lakini Baba Mkubwa alikohoa mfululizo mpaka akaletewa maji.

Jumatatu walikwenda kwa msimamizi wote wawili, na kulabu kwenye mkokoteni. Dada alifungua mdomo kusema sababu, Kipanga akamwonyesha ngumi: shika hapohapo. Akasema mwenyewe. Msimamizi alikuwa amejiandaa kwa vita, akakosa pa kuweka mikono. Alimshusha Kipanga kibandani siku ileile, bila kumfukuza, akamweka chini na mafundi mpaka jicho litakapotibiwa. Kreni mpya akapewa dereva mwingine, kijana anayependa kuvaa singilendi, ambaye kwa sasa ana mafua yasiyoisha.

Kipanga aliomba aikate kulabu mwenyewe. Dada akamwambia kulabu haikatwi kwa gesi na mtu wa jicho moja, akaikata yeye, na Kipanga akashika kipande kisianguke. Kisha wakafunga mpya. Yeye ndiye aliyebeba nati, akagonga vidoti pale alipoonyeshwa, akabonyeza ulimi na kuusikiliza. Ilipopandishwa kujaribiwa na mzigo, alisimama chini, nyuma ya mstari, akainua kidevu.

"Kumbe iko juu hivi," alisema.

"Ndivyo tunavyokaaga huku," dada akamjibu.

Jicho lilitibiwa, na baadaye sana, baada ya kupimwa na kupimwa tena, alirudi juu, kwenye tanuri lake lilelile, na kreni ikawa inasimama juu ya mzigo sawasawa kama kifuniko juu ya sufuria. Sweta amempa Baba Mkubwa. Lakini ninachokikumbuka mimi ni siku ile ya bandeji.

Tulikuwa hospitalini sote wanne, maana Bibi Cherehani alikataa kubaki. Alikuja na sindano imechomekwa kifuani na uzi mweusi mdomoni. Muuguzi alipoondoa ile pamba, Kipanga alipepesa macho, machozi yakamtiririka, na kabla hajafuta, mama yake alishamsogezea sindano. Muuguzi alianza kusema mgonjwa apumzike kwanza. Hakuna aliyemsikiliza. Kipanga alilamba uzi, akanyoosha mkono, na uzi ukapita tunduni mara moja, ukatokea upande wa pili.

Bibi Cherehani akaupokea, akafunga fundo, akakaa. "Haya," alisema. "Sasa mtazame na mkeo."

Dada alikuwa amesimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni, akikagua chupa ya dripu ya jirani iliyotundikwa vibaya. Kipanga alimtazama. Alimtazama sana, juu mpaka chini, kisha akarudi juu akabaki hapo.

"Kumbe una mvi," alisema.

Dada akageuka. Nilidhani atafoka, na nilijisogeza ili nisikose. Badala yake alivua kitambaa cha kichwa, akainamisha kichwa mbele yake, karibu kabisa, ili aone vizuri.

"Zimeanza tangu lile birika," alisema. "Pima."